Asili Iliyomo Kikoponi

Siku hizi hakuna neno linalofanya kazi nyingi madukani kuliko neno asili. Limeandikwa juu ya sabuni, mafuta ya nywele na vikopo vya kupaka mwili, aghalabu pembeni mwa picha ya jani la kijani. Wengi wetu hulipita kama tunavyolipita jina la duka. Mimi naona linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi au tamthilia, kwani nalo ni utungo: linatoa ahadi, linajenga picha, na linamwomba msomaji aamini.

Katika Kiswahili, asili ni mahali kitu kilikotoka. Ni hali ya kitu kabla mkono wa mtu haujakigusa. Tena ni mila, yaani yale tuliyorithi kwa wazee. Mwenye kuuza hatuambii amekusudia maana ipi. Anaziacha zote zitembee pamoja, ili kila mnunuzi achukue inayomfurahisha.

Tuanze na mahali. Mwarobaini, ambao ndio malkia wa sabuni zetu, ni mti wa Bara Hindi. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku ikafika Unguja katika karne ya 19. Mlangilangi ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Hata mwani wa kulimwa, ambao akina mama wa Unguja wanautengenezea sabuni nzuri, mbegu yake ya biashara ililetwa kutoka Ufilipino mwaka 1989. Sisemi haya ili kuivua mimea hiyo uraia. Neno asili lenyewe limetoka Uarabuni, na hakuna anayelidai pasipoti. Mti uliopewa jina na wenyeji, ukapandwa uani na kuogeshewa watoto wenye upele, umekwisha kuwa wa nyumbani.

Lakini tazama sasa mimea ambayo kweli ni ya huku. Msandali wa Afrika Mashariki ni mti mdogo wa nyanda kavu, unaopata sehemu ya chakula chake katika mizizi ya miti jirani. Mafuta yake yanatakiwa sana katika manukato na vipodozi, nayo yamo katika kiini cha shina na katika mizizi. Kwa hiyo avunaye hakati tawi, bali hung'oa mti mzima. Mwaka 2007 Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka 2013 misandali ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iliingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kadhalika mishubiri. Aina zote zimo katika orodha hizo za CITES, isipokuwa ile moja, Aloe vera, inayolimwa mashambani duniani kote, ambayo kwao ni Bara Arabu.

Hapa ndipo neno letu linapogeuka. Ikiwa mmea uliomo kikoponi ni mgeni anayelimwa, basi asili hapo ni pambo tu, wala halimdhuru mtu. Ikiwa ni mwenyeji aliyeng'olewa porini, neno lile lile la sifa limekuwa ushahidi wa mashtaka. Mnunuzi anayedhani anaisaidia nyika huenda ndiye anayeimaliza.

Tuje kwenye mila. Pwani yote inaijua liwa. Mti husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo au marashi, ukapakwa usoni na mwilini. Wangazija wana msindano wao, na wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji wana mussiro, unaosagwa kwa namna hiyo hiyo. Katika desturi hizi zote dawa husagwa inapohitajika, kwa kiasi cha mtu mmoja au cha bibi harusi na mashoga zake. Wazee hawakuwa na haja ya kuihifadhi kwa miezi. Kitu chochote chenye maji na majani, kikikaa katika joto la Tanga au Mombasa, kitaota ukungu. Basi kikopo kinachokaa dukani mwaka mzima, tena kimeandikwa kwamba hakina kemikali, kimetuwekea mambo mawili tu ya kuchagua: ama kina dawa ya kuhifadhi na maandishi yanadanganya, ama maandishi ni ya kweli na mafuta yameanza kuoza. Dawa ya kuhifadhi si aibu. Aibu ni kuificha nyuma ya mila za bibi zetu.

Mwaka jana nilinunua kikopo cha namna hiyo huko Kariakoo. Mbele, kwa herufi kubwa za dhahabu, palikuwa na shubiri na liwa. Nyuma, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, palikuwa na maji, kisha mafuta yatokanayo na petroli, kisha mlolongo mrefu, na shubiri mwishoni kabisa, baada ya manukato. Kawaida ya orodha hizi ni kuanza na kilicho kingi. Liwa haikutajwa kabisa. Nikihakiki kikopo kile kama kitabu, nitasema jalada limeandikwa na mtu ambaye hakusoma yaliyomo.

Imebaki maana ya tatu, nayo ndiyo ya hatari: kwamba cha asili hakidhuru. Ndimu ni ya asili, lakini anayejipaka maji yake na kutoka juani anaweza kuungua hadi ngozi ikafanya malengelenge na mabaka meusi. Jani la mshubiri lina ute unaotuliza, lakini chini ya ganda lake upo utomvu wa manjano unaowasha ngozi, na ukinywewa huharisha. Ndiyo maana anayejua kazi huliacha jani lililokatwa limwage utomvu kwanza. Zebaki nayo ni ya asili, huchimbwa ardhini, na ndiyo iliyowekwa katika sabuni na mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi, ikaharibu figo za watu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya namna hiyo. Mkorogo haukukoma. Mwingine umebadili kanzu tu, ukavaa picha ya karoti au ya papai.

Kwa upande wa pili, huko Moshi, wataalamu wa magonjwa ya ngozi wa KCMC walisaidia kuanzisha mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua letu huwaletea saratani ya ngozi wangali vijana. Mafuta yale hayajivunii jani lolote. Yanajivunia kwamba yanazuia jua, na kwamba yametengenezwa hapa hapa kwa ajili ya watu wa hapa. Kama neno asili lina heshima yoyote iliyobaki, basi mafuta hayo yana haki nalo kuliko vikopo vingi vyenye picha za majani.

Kwa hiyo siwashauri wasomaji waache mimea, wala siwadharau wanaoitengeneza. Wapo mafundi waaminifu, hasa akina mama wa vikundi vidogo, ambao ukiwauliza jani limetoka shamba gani watakuonyesha kwa kidole. Hao ndio kipimo changu. Muulize mwenye duka mmea huu umelimwa au umeng'olewa, umo kiasi gani, na unahifadhiwa na nini. Akijibu, nunua. Akirudia tu kwamba ni wa asili, kirudishe kikopo chake rafuni.