Nguzo ya Mkristo na Ulimi wa Tumaini

Wasomaji wetu wengi wanakijua kitabu cha safari ya Msafiri, alichokitunga John Bunyan, Mwingereza fundi wa masufuria, aliyefungwa gerezani Bedford karibu miaka 12 tangu 1660 kwa kuhubiri pasipo ruhusa. Sehemu ya kwanza ilichapwa mwaka 1678, nayo imefasiriwa kwa Kiswahili. Watu hupenda kusimulia vita vya Mkristo na Apolioni. Sisi twaona kurasa zilizo bora ni zile za jitu Kata-tamaa na ngome yake ya Mashaka.

Mkristo na mwenzake Tumaini wamechoka kwa njia ya mawe. Mkristo aona njia laini ng'ambo ya ua. Tumaini auliza kwa upole: je, njia hii ikitupotosha? Mwenzake amkatiza, haidhani hivyo hata kidogo. Usiku, katika ngurumo na maji yaliyojaa, ndipo Tumaini akiri ya kuwa alihofu tangu mwanzo, na angalisema waziwazi kama Mkristo asingalikuwa mkubwa wake kwa umri.

Hapa Bunyan ametugusa sisi wa nchi hii, wala hakutujua. Mangapi yameharibika katika mabaraza ya kanisa kwa kuwa kijana aliyeliona shimo aliinamisha macho! Heshima ni njema, hatuitukani. Lakini Tumaini alikuwa na neno moja la kweli, akalifunika kwa adabu hata likawa kama si neno. Wala lawama si yake peke yake, maana mkubwa alimjibu kabla ya kumsikiliza. Twamsifu mwandishi kwa kumwonyesha Mkristo akimwomba mdogo wake msamaha pale pale gizani, kabla ya jitu kuwakamata.

Wakaokoka kwa ufunguo uitwao Ahadi, ambao Mkristo alikuwa nao kifuani siku zote. Kisha wakasimamisha nguzo penye ua, wakaandika onyo kwa wajao nyuma, na wengi walilisoma wakapona.

Ila hatua ifuatayo twaiona imepitwa upesi mno. Mlimani Wachungaji wawaonyesha vipofu wapapasao makaburini, waliotobolewa macho na jitu lile lile. Wawili hao watazamana, machozi yawatoka, wala hawawaambii Wachungaji neno lo lote. Wageni wasiowajua waliwaandikia. Wazee waliosimama mbele yao wakawaficha! Je, ni aibu? Bunyan hasemi, naye alikuwa mjuzi wa moyo wa mtu kiasi cha kuweza kutuambia.

Wachungaji wawapa waraka wa njia, na kuwaonya wajihadhari na Mbembelezaji. Baadaye wamfuata mtu wa maneno matamu mwenye vazi la kung'aa, hata wanaswa wavuni, na waraka wangali nao. Ndipo ajapo Mwenye Kung'aa na mjeledi mkononi, awauliza kwa nini hawakuusoma. Wakajibu, walisahau.