Sura ya Sujin

Kiswahili kina neno moja kwa uso na kwa sehemu ya kitabu: sura. Labda ndiyo maana riwaya ya Frances Cha, If I Had Your Face (2020), ilinikera kidogo. Wanawake watano wanaishi jengo moja jijini Seoul. Wanne wanapokezana kusimulia, kila mmoja na sura zake. Hata Ara, msusi ambaye ni bubu, anasema "mimi". Wa tano, Sujin, ndiye anayelazwa kitandani kwa daktari ndani ya hadithi, akakatwa taya. Yeye hana sura hata moja.

Cha anaujua mji wake, na kurasa za Kyuri, mrembo aliyezama kwenye madeni, ni kali kweli. Lakini uvimbe wa Sujin tunapimiwa na wenzake, kama watu wanaochungulia chungu cha jirani.

Niliisoma mwezi wa nne baada ya kufanyiwa upasuaji wa kope. Mkunjo wa kushoto umekaa juu kuliko wa kulia, kwa kiasi ambacho mama anasema hakioni na simu inakiona kila asubuhi. Daktari alisema nisubiri miezi 6, kwa kuwa uvimbe haushuki sawa pande zote na kovu bichi halirudiwi. Ushauri sahihi. Ila miezi hiyo ina maisha yake: unachagua upande wa kukaa mezani, unauliza "unaona?" halafu unachukia jibu lolote. Hayo ndiyo niliyomtafutia Sujin.

Wahakiki wengi huusoma upasuaji huu kama hamu ya kufanana na Wazungu, wakianzia kwa Millard, daktari Mmarekani aliyekuwa Korea miaka ya 1950. Hoja ina uzito wake. Lakini ripoti ya mwanzo inayojulikana ni ya Mjapani Mikamo, mwaka 1896: mwanamke mwenye mkunjo jicho moja tu, akashonwa la pili kwa nyuzi za hariri ili yalingane. Kielelezo hakikuwa Mzungu. Kilikuwa jicho lake mwenyewe.

Riwaya inayojali nani ana sura ya nani haina nafasi kwa mtu huyo. Ningempa Sujin kurasa 10 tu, za wiki ya sita, kabla hajapendeza, akiwa mbele ya kioo na Ara bado amelala.