Nani Anauhitaji Msamaha Huu?

Katika kitabu chake Forgiveness Is a Choice (2001), mwanasaikolojia wa Marekani Robert Enright anaigawa safari ya kusamehe katika hatua nne: kuifichua hasira, kuamua kusamehe, kuufanyia kazi uamuzi huo, kisha kufunguka moyo. Ubora wake ni kutenganisha kusamehe na kupatana: unaweza kumsamehe mtu bila kurudiana naye.

Hata hivyo, nikikisoma hapa Rwanda, naona utengano huo ni mgumu. Katika mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, mshtakiwa aliyekiri na kuomba msamaha hadharani aliweza kupunguziwa adhabu. Manusura aliombwa msamaha mbele ya majirani ambao kesho yake angekutana nao kisimani. Neno "nimekusamehe" hapo laweza kuwa la uamuzi. Laweza pia kuwa la kutafuta amani ya mlimani tu, huku usingizi haupatikani.

Kinyarwanda chenyewe kinatukumbusha: kusamehe ni kubabarira, neno lenye mzizi mmoja na kubabara, yaani kuumia. Huwezi kuliruka umivu ukafika kwenye msamaha.

Kwa hiyo hatua za Enright zinafaa, ila mshauri nasaha wa kwetu atangulize swali moja: nani anauhitaji msamaha huu, mteja au wanaomzunguka? Mteja akijibu "bado", ushauri haujashindwa. Pengine ndiyo mara ya kwanza ameruhusiwa kuamua mwenyewe.