Kamba ya Antodus Ilikatwa Mezani

Dakika 75. Ugomvi wangu upo hapo, na sitauficha hadi aya ya mwisho. Aliyechukua hadithi ya vipindi saba, ya karibu saa tatu, akaibana ikawa filamu ya saa moja na robo, hakuturudishia The Daleks. Ametupa muhtasari wenye rangi.

Mmeshaiona, kwa hiyo sisimulii upya. BBC Four waliirusha tarehe 23 Novemba 2023, siku tamthilia ya Doctor Who ilipotimiza miaka 60. Kazi ya rangi ni safi, nyuso za watu zina uhai na magamba ya Madalek, maadui wa Daktari, yanang'aa inavyostahili. Sifa zimekwisha. Twende kwenye meza ya mhariri.

Chukueni mwisho wa kipindi cha sita, "The Ordeal". Ian na Barbara, wasafiri wenzake Daktari, wamo pangoni pamoja na Wathal wachache, wenyeji wa sayari ile, wakitafuta mlango wa nyuma wa mji wa Madalek. Mbele yao kuna ufa, wanauruka mmoja mmoja huku wamefungana kamba. Zamu ya Mthal mmoja, Antodus, inafika. Anatumbukia, na kamba inamburuta Ian kuelekea shimoni. Hapo ndipo inapokatia patamu. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Januari 1964, na mtazamaji wa Uingereza alilala, akaamka, akaenda kazini wiki nzima mtu yule akiwa ananing'inia. Februari Mosi kipindi cha saba kikafunguka, na Antodus, mwoga wa msafara tangu walipoondoka, akaikata kamba mwenyewe ili Ian asife naye.

Najua mnavyokisema kipindi hicho. Kinachosha, watu wanaruka shimo mmoja baada ya mwingine, dakika zinakwenda. Kweli wanaruka mmoja mmoja, na bila hivyo tukio zima halisimami. Kila anayevuka salama anakufundisha kamba inavyofanya kazi: nani ameishika, nani yuko upande wa pili, uzito unakwenda wapi. Mwongozaji, Richard Martin, hakuhitaji mhusika yeyote atueleze hatari iko wapi, kwa sababu tulikwisha kuiona ikipita mara kadhaa bila kudhuru. Antodus anapoteleza, unaelewa kila kitu kwa nusu sekunde.

Na woga wake haukuzuka pale ukingoni. Mwandishi, Terry Nation, aliupanda mapema, akampa ndugu, Ganatus, wa kumsukuma mbele kila anapotaka kurudi. Tunakaa na woga huo hadi unatukera, tunamwona mzigo. Kisha mzigo huohuo unachomoa kisu. Ukipunguza dakika za kero, umepunguza na thamani ya kisu. Hesabu hiyo haikwepeki, na sioni mhariri mzoefu anavyoweza kukaa mbele ya mashine asiione.

Toleo la rangi limeibana safari ya mapangoni kana kwamba ni njia tu ya kumfikisha mtu mjini. Muulize aliyeanza na toleo hilo Antodus ni nani. Atakuuliza, "Yule mwenye nywele nyeupe?" Wote wana nywele nyeupe, ndugu yangu.

Halafu, baada ya kukata dakika mia moja, wakapata nafasi ya kuturudishia picha tulizokwisha kuziona! Mhusika akikumbuka jambo, linamulika mbele yetu kwa mikato ya haraka haraka, wakati jambo lenyewe lilitokea dakika kumi zilizopita. Mtazamaji wa 1964 alikuwa na wiki nzima ya kusahau, na hakupewa fadhila hiyo zaidi ya marejeo mafupi mwanzoni mwa kipindi. Wa 2023 ameketi mara moja, hajainuka hata kuchota maji, anakumbushwa kama mtoto. Muziki mpya wa Mark Ayres nao haumwachi apumue, ilhali Tristram Cary alikuwa ameiandikia sayari ile sauti za kielektroniki zenye baridi, na Brian Hodgson akaupa mji wa Madalek mapigo yake ya moyo. Sauti zile zilitaka nafasi.

Wanaotetea husema kijana wa leo hawezi kukaa na picha ya 1963. Lakini tuangalie picha yenyewe ilivyotengenezwa. Studio za Lime Grove, mkanda wa video uliokuwa ghali na mgumu kukata, kwa hiyo kipindi kilirekodiwa karibu mfululizo, kama mchezo wa jukwaani. Mwendo wake haukuundwa mezani baadaye. Uliundwa na waigizaji wakitembea, na kamera moja ikiipokea nyingine palepale. Picha za namna hiyo hazikupigwa ziwe vipande. Ukizichanja, unasikia mhusika anaanza kuvuta pumzi kwa ajili ya sentensi ambayo haipo tena.

Angalieni mwisho wa kipindi cha kwanza, ule wa Barbara. Jacqueline Hill yuko peke yake katika njia za mji, milango inajifunga nyuma yake, anapapasa kuta, hofu inapanda ngazi kwa ngazi. Kisha kamera inageuka kuwa jicho la kitu kinachomjia, na mkono wenye kikombe cha mpira unatokea mbele ya picha. Ukelele. Basi. Mkono ule ulishikwa na Michael Ferguson, msaidizi wa studio, na hatukuonyeshwa Dalek hata mmoja mzima. Christopher Barry aliongoza kipindi hicho, na kilirekodiwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza maelekezo ya studio yalivuja yakasikika ndani ya mkanda. Mara ya pili ilikuwa tarehe 6 Desemba, wiki mbili tu kabla ya kurushwa. Ndivyo mtayarishaji, Verity Lambert, alivyokuwa akifanya kazi, na alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 28. Matokeo? Kipindi kile kilitazamwa na watu milioni 6.9, na hadithi ilipofika mwisho walikuwa milioni 10.4. Subira iliwaleta hao. Watu walisimuliana katikati ya wiki, wakaja na wenzao.

Kama shida ilikuwa rangi na ufupi, dawa ilipatikana tangu 1965. Milton Subotsky aliichukua hadithi hiihii, akaiandikia mswada mpya, akampa Peter Cushing nafasi ya Daktari na Gordon Flemyng uongozaji, ikatoka filamu ya rangi ya dakika 82. Siipendi sana, mnajua. Lakini ni fupi kwa haki: kila picha ilipigwa kwa mwendo wa filamu fupi. Subotsky alijenga nyumba ndogo. Hawa wa 2023 wameshusha paa kubwa kwenye kuta zilizopunguzwa.

Tena hawa ni BBC, shirika lililofuta mikanda yake lenyewe mwishoni mwa miaka ya sitini na katika ile ya sabini, hadi leo mashabiki wanazunguka dunia kuokota vilivyosalia. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena. Mwaka 2013 vipindi vya Patrick Troughton, Daktari wa pili, vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kupatikana Nigeria, huko Jos, na watu wakashangilia kila dakika iliyorudi. Miaka kumi baadaye, dakika mia moja zilizo salama kabisa zinaonekana mzigo.

Hata Star Trek niliwahi kuwasema sana walipobadilisha picha za anga mwaka 2006, chombo chao cha Enterprise kikaanza kuelea kwa kompyuta. Kwenye diski za Blu-ray waliweka kitufe: unataka ya zamani, bonyeza, iko hapo, urefu uleule. Kwa hilo nawapa heshima. Nanyi msiniambie The Daleks ya asili ipo pia. Ipo, ndiyo, lakini haikupewa saa ya heshima usiku wa maadhimisho.

Desemba 2024 BBC wakairudia kazi hiyohiyo kwa The War Games: vipindi kumi vya 1969, karibu saa nne, vikawa dakika 90. Tukio la Troughton kugeuka kuwa Jon Pertwee, Daktari wa tatu, waliloliongeza limetengenezwa kwa mapenzi. Yaliyobaki ni mbio.

Vipindi vyote saba vya The Daleks vipo BBC, hakuna hata kimoja kilichopotea. Mafundi wa rangi wameshaonyesha kuwa kazi wanaiweza. Wapewe dakika zilizobaki wazitie rangi, na hadithi irushwe kila Jumamosi, kipindi kimojakimoja, hadi wiki ya saba.