Dafina Kando ya Reli Iliyong'olewa

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, baina ya miji midogo ya Elroy na Sparta, ipo njia ya zaidi ya kilomita 50 ambayo tangu mwaka 1873 ilipitiwa na magarimoshi ya kampuni ya Chicago and North Western, hata yalipokoma mwaka 1964, reli na mataruma yakang'olewa, nayo serikali ya jimbo ikainunua ardhi ile, ikaitandazia kokoto laini za mawe ya chokaa, ikawaachia waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Njia hiyo ni darasa zuri la sanaa ya mfichaji dafina, yaani mtu afichaye kopo mahali na kutangaza majiranukta yake ili wengine walitafute kwa kipokezi cha GPS, katika mchezo uitwao jiokeshingi.

Kabla ya mwaka 2000 mchezo huu usingaliwezekana, kwa kuwa ishara za setilaiti walizopokea raia zilitiwa hitilafu kwa makusudi, kipimo kikaweza kukengeuka kadiri ya mita 100. Hitilafu ile iliondolewa tarehe 2 Mei mwaka huo kwa amri ya Rais Clinton, na siku ya pili yake Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo.

Hata hivyo usahihi tulio nao sasa una mipaka yake, na tuta la reli huidhihirisha upesi. Majiranukta huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu: tarakimu ya mwisho, kwa upande wa kaskazini na kusini, ni sawa na mita 1.85, na kwa mashariki na magharibi, kwa kuwa Elroy iko karibu na digrii 44 kaskazini mwa ikweta, ni kama mita 1.3 tu. Basi atakayekosea tarakimu saba upande wa mashariki amemhamisha mtafutaji zaidi ya mita 9, na juu ya tuta lililojengwa kwa upana wa njia moja ya reli, mita 9 zatosha kumteremsha mtelemkoni hadi kwenye ua wa shamba la mtu. Ndiyo maana mfichaji hodari haridhiki na kipimo kimoja: hukiweka kipokezi juu ya mahali penyewe, hukiacha kitulie, huandika, huenda zake, kisha hurejea saa nyingine setilaiti zikiwa zimekwisha kuhama mbinguni, akapima tena na kuchukua wastani. Wala hafichi ndani ya kuta za mawe za makalvati, ijapokuwa nyufa zake zavutia, madhali mtafutaji aliyekata tamaa hung'oa jiwe moja baada ya jingine, na ukuta uliostahimili uzito wa garimoshi ukaharibiwa na mikono ya watu wenye nia njema.

Mtihani mkubwa uko katika mahandaki matatu ya njia hii, ambayo lililo refu kuliko yote, karibu na Norwalk, lina urefu wa takriban mita 1,160. Ishara itokayo kilomita 20,200 juu ya ardhi haipenyi mwamba. Na hata kabla ya kuingia, katika mkato unaoelekea mlangoni, kuta za jiwe huziba sehemu kubwa ya anga na kuirudisha ishara kama mwangwi, kipokezi kikasoma umbali usio wa kweli. Ndani mna giza, maji yatona kutoka darini, na mwendesha baiskeli hulazimika kushuka na kukokota. Kwa rai yangu kopo halina haki ya kuwekwa humo. Lililo bora ni kulifanya handaki liwe swali: mtafutaji aelekezwe kwenye milango mikubwa ya mbao, ambayo zamani mlinzi aliifunga wakati wa baridi ili maji yasigande na kupasua kuta, akaifungua kila garimoshi lilipokaribia, ahesabu kitu fulani kilicho dhahiri kwenye milango hiyo, kisha hesabu ile impe tarakimu zinazokosekana katika majiranukta ya dafina iliyoko mbali, penye uwanda ulio wazi.

Kanuni ya mchezo hudai mita 161 baina ya kopo na kopo, na kwa hisabati hiyo njia nzima yaweza kubeba zaidi ya 300. Wako wapendao kuzijaza njia namna hiyo. Mimi nawapinga kwa moyo wote, maana mtu anayesimama kila baada ya mita 161 kutia sahihi katika daftari la kopo huhesabu makopo na kulipita handaki lililochimbwa kwa jasho la miaka pasipo kulitazama. Dafina kumi zatosha, kila moja pale ambapo wahandisi walishindana na kilima au kijito, kwa idhini ya wenye ardhi, bila kufukia chochote. Sanduku liwe la chuma lenye mpira mfunikoni, na ndani, pamoja na daftari, iwekwe penseli wala si kalamu ya wino, kwa sababu wino huganda katika baridi ya Wisconsin.