Tembe la Kwihara: Nyumba ya Nani?

Nyumba kongwe ikikarabatiwa hufanana na shairi la kale linapohaririwa: vina vikisharudi mahali pake, bado huulizwa ni sauti ya nani iliyobaki. Swali hilo linalihusu tembe la Kwihara, karibu na Tabora, lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Kwa umbo, kazi yastahili sifa. Kuta nene za udongo, ua wa ndani na mlango wa nakshi humkumbusha mtu wa pwani kwamba misafara ya Bagamoyo, pamoja na shanga na nguo, ilipeleka bara lugha na ufundi.

Kasoro imo katika jina. Nyumba yajulikana kwa Livingstone, aliyefika pamoja na Stanley Februari 1872 na kuondoka Agosti mwaka huohuo. Alikuwa mgeni wa miezi sita katika nyumba ya wafanyabiashara Waarabu, juu ya ardhi ya Wanyamwezi. Mwaka 1873 maiti yake ilipita Unyanyembe, ikirejeshwa pwani na akina Susi na Chuma. Lakini wapagazi waliobeba pembe za ndovu, na watumwa waliopitishwa njia hiyo minyororoni, hawakupewa hata sehemu ya jina la nyumba.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja nazo huuzwa na kukarabatiwa. Mnunuzi hulipia kuta na dari. Kumbukumbu za waliozijenga na kuzitumikia huachiwa kama amana, na amana hudaiwa.