Mgonjwa wa Barazani

Muuguzi mmoja mstaafu wa hapa Tegeta hujifanya mgonjwa. Jumamosi jioni huketi barazani kwenye kiti cha plastiki, khanga mabegani, na wanafunzi wa udaktari waliopanga vyumba mtaani humwendea mmoja mmoja kujinoa kwa mtihani wanaouogopa kuliko yote, ule wa vituo, ambamo mtahiniwa hupita kituo hadi kituo na kila kimoja kina kazi yake na muda wake. Simu ikilia mwanafunzi anaingia. Ikilia tena, muda umekwisha.

Mtihani huo ulielezwa mwaka 1975 na Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake. Kanada na Uingereza vyuo vingi vya udaktari siku hizi huwapitisha waombaji kwenye vituo vya namna hiyo kabla hata ya kuwapokea. Kwetu anayefaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita huingia kwa alama zake, na kuulizwa ana kwa ana humkuta baadaye, koti jeupe likiwa tayari mwilini. Kiwewe chake nakielewa: miaka yote amejibu kwa kalamu, hajazoea kutazamwa akifikiri.

Leo mama huyu ana presha na kichwa kinamgonga. Dawa za hospitali aliziacha akahamia mizizi ya kuchemsha, na anaona aibu kusema. Akiulizwa, "Unatumia dawa?" hujibu, "Natumia," na kituo kimeshapotea. Lakini akija kijana akasema, "Mama, dawa za kila siku huwachosha wengi, wewe unaendelea nazo vipi?" yeye huinamisha macho, huvuta ncha ya khanga, hukaa kimya kidogo, kisha hulitoa lote. Nimemtazama akifanya hivyo kwa mwanafunzi wa mwisho sawasawa na alivyofanya kwa wa kwanza: ukimya uleule, khanga ileile, wala hachoki wala hazidishi. Huo ndio ufundi ninaouheshimu. Kuigiza mara moja kila mtu anaweza. Kuigiza pale pale, kwa kiasi kile kile, ili kila mtahiniwa apate haki sawa, kunataka nidhamu ya mpiga ngoma anayeshikilia mdundo huku wengine wakicheza. Na anayetetemeka hamrahisishii, maana mtihani hautamrahisishia.

Wala hamwambii mtu asiogope. Huanza na mwili. Humwagiza mwanafunzi atoe pumzi polepole, ndefu kuliko aliyoivuta, kwa kuwa pumzi inayotoka taratibu huipa nguvu neva ya vagasi inayopunguza mbio za moyo. Kisha humrudisha kwenye salamu. Vijana wengi, kwa hofu ya saa, huruka moja kwa moja kwenye maumivu yalianza lini. Yeye huwazuia: "Nisalimie kwanza, mwanangu." Shikamoo mama. Marahaba. Habari za nyumbani, umekujaje na mvua hii? Maneno hayo kijana ameyasema tangu utotoni, ulimi unayajua hata akili ikiwa imeganda, na mpaka yanakwisha sauti imesharudi mahali pake. Naamini hakuna dawa ya woga iliyo karibu nasi zaidi ya hiyo, na mgonjwa naye anakuwa ameheshimiwa.

Baada ya simu kulia tena hufanya jambo gumu zaidi: huzungumza kama mgonjwa, si kama mwalimu. "Uliponiambia figo zangu zinaweza kuharibika, ulikuwa unaangalia karatasi." "Uliniuliza mambo matatu kwa mpigo, nikajibu la mwisho tu." Hatoi alama. Mwanafunzi hukaa tena, husalimia upya, hurudia.

Safari ijayo atakuwa mtu mwenye kisukari anayekataa kuanza insulini. Tangu juzi anazunguka kwa majirani wanaojidunga, akiwauliza ni nini hasa kiliwatisha siku ya kwanza, sindano yenyewe au maneno ya watu.